Kamyo Iliyogeuka Mashini ya Kukata

Siku mliyoniaga nikistaafu mliniomba niseme maneno mawili. Nilisema "Aksanti sana" nikakaa chini, na wengine wenu mkadhani nimekasirika au ugali wa bukari umenikwama kooni. Sikukasirika. Nilihesabu, na maneno yalikuwa mawili kamili. Kazi ya kukata chuma imenizoesha kutovuka alama. Ila sasa nyumbani nina asubuhi nyingi mno, na mke wangu amechoka kunikuta nikipanga sufuria zake kwa ukubwa. Aliniwekea daftari mezani akasema afadhali niandike. Basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka: cheo kilikuja kimechelewa, na mshahara ulijua njia zake bila kuniuliza.

Ninyi mmeikuta atelie yetu, karakana ya mtaa wa Kampemba, ikiwa na laser, mashini inayokata chuma kwa mwanga, iliyokaa ndani ya kioo kama bibi harusi, na wateja wamepanga foleni, kila mmoja na mchoro wake ndani ya simu. Mnadhani atelie ilianza kukua siku laser iliposhushwa kutoka kwenye kontena. Sivyo. Ilianza kukua zamani, wakati wa Zaire, tulipokuwa tunaitana citoyen na citoyenne, yaani raia, nayo ilianza kwa kosa langu mimi. Naona ni haki nilisimulie mwenyewe, kabla mtu mwingine hajalisimulia vibaya.

Niliingia pale nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimeoa mwezi mmoja kabla. Atelie ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo sita za chuma cha reli, na ukuta upande mmoja tu. Pande nyingine tatu zilikuwa barabara, vumbi, na watu waliosimama kutushauri. Tulitengeneza milango, madirisha, matoroli na mbabula za kupikia kwa makaa. Mwenye atelie alikuwa Mama Ngalula, mjane ambaye wazazi wake walikuja kutoka Kasai. Marehemu mume wake alikuwa amemwachia vitu vitatu: zile nguzo sita, kamyo moja ya kubebea mizigo, na Papa Mukendi.

Papa Mukendi alikuwa kapita wetu, yaani msimamizi wa kazi, lakini kusema hivyo ni kumpunja. Yeye ndiye alikuwa atelie. Alikata chuma kwa shalumo, ule mwenge wa gesi unaoshikwa mkononi, na wateja walipita mbele ya atelie nyingine tatu ili wafike kwake. Alipokata, hukuona mtu anayepigana na bamba. Alilipasha moto sehemu moja mpaka likawa jekundu, akabonyeza kidole, kisha akaitembeza shalumo polepole, cheche zikimwagika chini ya meza wima kabisa. Alisema moto unaokata vizuri unasikika kama kitambaa kinachochanwa taratibu, na ukianza kukohoa ujue umeharakisha.

Siku ya kwanza hakunipa shalumo. Alinipa ndoo na kipande cha chaki. Ndoo ilikuwa ya kutilia maji tangi la karabidi, yale mawe ya kijivu yanayotoa gesi yakilowa, na harufu yake ni ya kitunguu saumu kilichooza. Jioni ile mke wangu aliniuliza kwa upole kama kweli nimeajiriwa kwenye chuma au jikoni kwa mtu. Chaki ilikuwa ya kuchora mistari ambayo yeye angeifuata. Alitaka mstari uwe mwembamba kama uzi, maana moto nao unakula njia yake ndani ya chuma, na asiyejua umekula upande gani wa mstari atatengeneza mlango usiofunga. Nilichora mistari miezi sita kabla sijagusa moto. Niliota mistari.

Katika mwaka wangu wa tatu Papa Mukendi aliniambia nichore mstari mnene kidogo. Nilifikiri ni mtindo mpya. Baada ya mwezi akasema mnene zaidi. Ikafika siku nachora mstari wenye upana wa kamba ya kiatu, baadaye upana wa mkanda, na yeye anainama karibu nao mpaka miwani ya kazi inataka kugusa chuma. Baada ya kukata, alipitisha kidole gumba ukingoni pole pole, mara mbili. Sisi wafanyakazi wote watano tulijua macho yake yanakwenda. Hakuna aliyesema. Wewe ungeanzaje kumwambia mtu wa namna ile neno la namna ile?

Kisha tukampelekea mwalimu mmoja mlango wenye upenyo chini, na paka wake akapita bila kuinama. Mwalimu alikuja kutuarifu kwa adabu zote. Mama Ngalula alimsikiliza, akatazama mkono wa Papa Mukendi, kisha akatutazama sisi. Kila mtu pale alielewa hesabu ilivyo: atelie ilisimama juu ya ule mkono, na mkono ukianguka, atelie inafungwa na sisi tunarudi kutafuta kazi barabarani.

Juma lililofuata Mama Ngalula aliondoka na kamyo asubuhi, akarudi saa nane kwa miguu. Nyuma yake trakta ilikuwa inavuta meza kubwa ya chuma yenye mkono mrefu, magurudumu madogo, na vichwa vinne vya shalumo vimepangwa mstari mmoja. Ilikuwa mashini ya kukata. Aliibadilisha kwa kamyo na Papa Kasongo, mfanyabiashara wa samaki wa kukausha wa Pweto. Papa Kasongo aliipata pamoja na mapipa na maturubai alipochukua vitu vya karakana moja iliyofungwa, na kwa kuwa hakujua ni kitu gani, mke wake alikuwa anaanikia samaki juu yake. Tuliisugua kwa mafuta ya taa siku mbili. Iliendelea kunuka ziwa.

Wale wawili walipatana kama wafanyabiashara wa pale walivyokuwa wanapatana: mpaka mvua ya kwanza, yeyote atakayejuta anaweza kurudisha. Kampemba nzima ilicheka. Watu walisema mjane ametoa magurudumu akapewa meza ya samaki. Papa Kasongo mwenyewe hakutusaidia. Kila Alhamisi alipita na ile kamyo imejaa magunia, akapunguza mwendo mbele yetu, akapiga honi mara mbili.

"Mama, kamyo yako inakulilia. Mvua iko karibu."

Mama Ngalula alimpungia mkono kama anayemsalimia shemeji.

Papa Mukendi aliizunguka mashini mara moja. Akauliza shalumo zile nne atazishika nani. Tukamweleza kwamba hazishikwi na mtu, zinashikwa na ule mkono wa chuma.

"Basi miye nitashika nini?" akauliza.

Hakungoja jibu. Alichukua kigoda chake akakihamishia upande wa ukuta, akakaa ameipa mashini mgongo, akaendelea kukata mbabula zake kwa mkono. Alikaa hivyo wiki nyingi. Mashini nilipewa mimi, kwa sababu ambayo sikuielewa wakati ule na ambayo sasa naielewa: nilikuwa wa mwisho kuingia, na hakuna mwingine aliyetaka kuonekana amechukua kiti cha Papa Mukendi.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi, maana ninyi wa laser mtadhani ni jambo la kale sana. Juu ya ule mkono kulikuwa na kigurudumu chenye sumaku. Unatengeneza kwanza mfano wa kipande unachotaka kwa chuma chembamba, tuliuita gabari, unaufunga mahali pake. Kigurudumu kinaushika ukingo wa gabari na kuuzunguka, na vile kinavyozunguka, shalumo zote nne zinazunguka vivyo hivyo juu ya bamba. Unapata vipande vinne vilivyo sawa kama pacha. Siku za kwanza nilipata vipande vinne vilivyo sawa kwa ubaya. Chumvi ya samaki ilikuwa imeingia kwenye reli zake, umeme ulikatika katikati ya mviringo, kigurudumu kiliteleza nikakata meza yenyewe. Alama ile bado iko. Mwenye kutaka akaione nyuma ya stoo. Lakini baada ya wiki tatu nilitoa miduara minane ya chini ya mbabula, ukingo wake laini mpaka mke wangu akaomba mmoja wa kuwekea sufuria.

Habari ya mashini ilifika Kipushi, mji wa mgodi, kabla hatujaipeleka. Siku moja aliingia mtu nadhifu, abacost, lile koti rasmi lisilovaliwa na tai, imefungwa vifungo mpaka shingoni, penseli tatu mfukoni. Alikuwa Citoyen Mwamba, mkuu wa matengenezo kwenye mgodi wa kule, mgeni aliye katika mwezi wake wa pili wa kazi. Alileta kipande kimoja cha chuma kinene kilichofunguliwa kutoka kwenye mfereji ambamo mawe ya shaba yanaporomoka. Vipande kama kile vinafunika kuta za mfereji ili mawe yavile vyenyewe, yasile mfereji. Alihitaji arobaini na vinane, na mabamba sita ya kukatia angeleta mwenyewe. Vikikaa vizuri, kazi yote ya kukata ya idara yake ingekuja kwetu. Visipokaa, angekwenda kwa wakataji wa Likasi. Alisema hayo bila ukali, kama mtu anayesoma saa.

Alipoondoka Mama Ngalula alituita chini ya paa, Papa Mukendi akisikiliza kwa mgongo. Alisema kazi hii ndiyo itakayoamua: kamyo au mashini. Tukiwa na kamyo lakini hatuna wa kukata, alisema, tutakuwa tunabeba samaki wa watu. Mpaka mvua ya kwanza hazikuwa zimebaki hata wiki nne.

Sasa kuhusu majivuno yangu. Kile kipande kilikuwa na ukingo wa juu ulionyooka, na ukingo wa chini ulioingia ndani kidogo, mviringo mpole, mzuri kutazama. Niliona huo mviringo ndio ugumu wa kazi, na nikaamua kuushinda. Nilichora gabari, nikakata, nikapiga tupa siku mbili nzima mpaka mfano wangu na kipande cha Kipushi vikabanana bila unywele kupita. Niliwaita wenzangu waje wajaribu kupitisha unywele. Papa Mukendi sikumwita. Niliogopa mgongo wake, na kusema kweli nilitaka pia aje aone mwenyewe mambo yakiwa yamekwisha kuwa mazuri. Siku ya tatu nilikata kutoka asubuhi, mizunguko sita, vipande ishirini na vinne. Nilivipanga kama vitabu.

Alasiri Papa Mukendi alisimama kutafuta chaki. Njia ilikuwa nyembamba, akaweka mkono juu ya rundo langu ili apite, na kidole gumba kikaangukia ndani ya ule mviringo. Akasimama. Akakipitisha mara mbili.

"Ilunga, hii mviringo umeitoa wapi?"

"Ni pa ile kipande, Papa. Nilifwata tu vile iko."

Akaomba kile kipande cha mfano. Alipitisha kidole ukingo wa juu, ambao ulikuwa mnene na una kona. Kisha ukingo wa chini, ambao ulikuwa umelambwa ukawa mwembamba na mkali. Nilikuwa nimekishika kipande kile siku tatu mfululizo na macho mazima mawili. Yeye alikishika muda wa kuhesabu mpaka ishirini.

"Hii ayiko forme yake," akasema. "Ni majiwe njo ilikula."

Nilikipokea nikapitisha kidole changu mwenyewe. Mviringo niliouonea fahari haukuwa umbo la kitu, ulikuwa uchakavu wake. Nilikuwa nimepiga tupa siku mbili ili nitengeneze vipande vipya ambavyo tayari vimeliwa. Na mtu wa shalumo ya mkono akikosa, anakosa mara moja, anatukana, anaanza upya. Mashini yangu ilikuwa imekosa mara nne kwa mpigo, mizunguko sita, kwa utulivu mkubwa, juu ya chuma cha watu. Nilianza kusema maneno juu ya kigurudumu, kwamba labda sumaku imechoka. Papa Mukendi alinikatiza.

"Mashini haina kosa. Inafwata tu kile unamuonesha."

Mama Ngalula alipoambiwa alikaa juu ya pipa la karabidi. Mwenzetu mmoja alishauri tujaze ule upungufu kwa kuunga, tupige rangi nyeusi, na mgodi hautajua. Ushauri huo ulikuwa na wafuasi. Mimi nilikuwa wa kwanza wao. Mama Ngalula alitikisa kichwa.

"Chuma ni ya batu. Tutaenda kubaambia."

Tatizo lililofuata ni kwamba hatukuwa na kitu cha kutupeleka Kipushi, maana tulikuwa tumekibadilisha. Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Papa Kasongo alipopunguza mwendo ili apige honi, alimkuta Mama Ngalula amesimama katikati ya barabara. Papa Kasongo alikuwa anakwenda Kipushi kuuza samaki, akatupakia. Mama alikaa mbele, mimi nyuma kati ya magunia ya samaki na vipande vyangu vinne vya aibu, kile cha mfano mapajani. Wakati tunaondoka Papa Mukendi alitoka akiwa amevaa kofia yake ya Jumapili, metre ya kupimia mfukoni, chaki mpya sikioni. Hakuna aliyemwomba. Alinipa mkono nimvute juu, akakaa juu ya gunia, na njia nzima hakusema neno ila kwamba giya ya pili ya kamyo yetu inatendewa vibaya. Papa Kasongo, naye, siku ile hakutania. Alipojua tunakokwenda na sababu yake, aliendesha polepole kwenye mashimo.

Citoyen Mwamba alitupokea kwenye uwanja, mbele ya wafanyakazi wake. Alichukua kipande kipya, akakiweka juu ya kile cha zamani. Alikuwa mtu mwenye akili, hakuhitaji kuelezwa. Uso wake ukakunjamana.

"Citoyens, ni nani alikata hii?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu usiku. Nilivuta pumzi niseme ni mimi. Papa Mukendi akanitangulia.

"Ni siye," akasema. "Chef, utuoneshe kwenye inaikala."

Sijui kama mtanielewa. Mtu huyu alikuwa ameipa ile mashini mgongo tangu siku iliposhuka kwenye trakta. Hakuwa amegusa hata skrubu yake moja. Siku ambayo ilikuwa na sifa hakuitaka hata kidogo, na siku ambayo ilikuwa na aibu akasema ni yetu, na ni yake. Nilitazama pembeni, nikajidai vumbi la Kipushi limeniingia machoni.

Mfereji ulikuwa umesimamishwa kwa matengenezo. Papa Mukendi alivua kofia, akampa Mama Ngalula aishike, akaingia ndani kwa ngazi. Walimpa taa, akaishika kwa heshima tu. Kazi aliifanya kwa kidole gumba. Alianza juu, kiti kwa kiti, yaani kila mahali kipande kinapokaa, akinitajia vipimo niandike, akaendelea kushuka mpaka tukasikia sauti tu. Alikaa mle muda mrefu, na Citoyen Mwamba alikuwa anatazama saa yake, halafu akaacha kuitazama.

Alipotoka alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Alichukua chaki akachora ardhini safu mbili. Safu ya juu ni ya vipande virefu. Safu ya chini ni ya vifupi, kwa sababu pale mfereji unapinda. Watu wa zamani walikuwa wanavifupisha kwa mkono palepale kila mara, na hakuna aliyekuwa ameandika popote. Kwa hiyo ishirini na vinne virefu, ishirini na vinne vifupi. Vile nilivyovikosea vikinyooshwa ule ukingo wa chini, vinafaa kwa safu ya chini, na chuma kinabaki cha kutosha. Na kama ningekuwa hodari, nikavikata vyote arobaini na vinane kwa umbo sahihi la kile kipande kimoja, nusu visingeingia.

Citoyen Mwamba aliinama juu ya mchoro ule ardhini. Akafungua kifungo kimoja cha juu cha abacost. Kwa mtu yule ilikuwa sawa na kucheka kwa sauti. Akatuagizia munkoyo baridi, kile kinywaji cha mahindi, akasema tumalize kazi.

Kesho yake asubuhi nilikuta kigoda cha Papa Mukendi kimegeuzwa. Kilikuwa kimeielekea mashini. Alitengeneza gabari mbili kwa kidole, mimi nikipiga tupa, yeye akihakiki. Nilipowasha shalumo nne akafumba macho, akasikiliza. "Ya tatu inakohoa," akasema, na ya tatu kweli ilikuwa inakohoa. Hakuhitaji tena mstari wa chaki, mwembamba wala mnene. Masikio yake na kidole chake vilitosha kwa vichwa vinne, na alifanya kazi nasi miaka mingine mingi, na milango ilifunga, na paka wa Kampemba walilazimika kutafuta njia nyingine.

Vipande vya Kipushi vilikaa vyote. Mvua ya kwanza ilinyesha Jumamosi, tukiwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, tunafagia mtaro wa kata. Jumatatu kamyo ikaja, ikasimama bila honi. Sisi sote tuliacha kazi. Papa Kasongo alishuka, akamsalimia Mama Ngalula, akazungumza juu ya afya, juu ya ziwa, juu ya barabara ya Pweto. Mama akamuuliza kama amekuja kurudisha.

"Apana, Mama," akasema. "Ninaileta ikatiwe vyuma."

Springi za nyuma zilikuwa zimevunjika vibao vyake vya chuma. Alikuwa na kibao kimoja cha mfano mkononi, akaninyooshea. Sikukipokea. Nililala chini ya kamyo, na Papa Mukendi akalala upande wa pili, tukaanza kupima mahali kinapokaa. Tangu siku ile hiyo ndiyo ikawa desturi yetu: kipande cha mteja kinaguswa kwa kidole, kisha mtu anakwenda kuona kinapokaa, ndipo moto unawashwa. Kile kipande cha mfano cha Kipushi Mama Ngalula alikiomba, tukakitundika kwenye nguzo ya tatu. Wengi wenu mmekuwa mkitundikia makoti yenu.

Kukua kwenyewe kulikuja kwa wazo la Mama Ngalula ambalo tulilipinga sote. Alitaka tuzikatie chuma na atelie nyingine, hata zile tatu zilizokuwa zinatuibia wateja wa milango. Papa Mukendi alisema huko ni kumpelekea jirani moto akachome nyumba yako. Mama alijibu kwamba mlango mtu ananunua mara moja katika maisha, lakini anayetengeneza milango anakata chuma kila siku. Wakaanza kuja, wa kwanza kwa haya, wamefunika chuma chao kwa gunia. Walileta michoro kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nyuma ya kalenda, mmoja kwenye kiganja cha mkono, tukamwomba asinawe mpaka tumalize. Nyundo za vinu vya mahindi, meno ya majembe ya trakta, miguu ya viti vya kanisa. Mabingwa wa milango wakawa bora kuliko sisi kwa milango, nasi tukaacha milango kabisa, bila kinyongo. Mimi nilipima kukua kwa nguzo: zilikuwa sita, zikawa kumi, zikawa kumi na sita, kisha ukajengwa ukuta na nikapoteza hesabu.

Zaire ilikwisha, na Mama Ngalula na Papa Mukendi wakatangulia kaburini, na binti wa Mama akachukua atelie. Laser ikaja, na Mireille, fundi wake kijana, akaja nayo na diploma yake. Napenda kusema hapa wazi kwamba nilimpenda tangu siku aliyouliza kile kipande cha nguzoni ni cha nini, badala ya kutundika koti. Nilimsimulia. Alicheka sana, na mimi pia.

Mwezi wangu wa mwisho ikaja kazi ya kinu kikubwa cha mbali. Hawakuleta kipande, walituma mchoro kwenye simu, na mchoro hauna ukingo wa kupitisha kidole. Mireille aliuweka kwenye kioo cha kompyuta yake akaniita niutazame. Niliinama karibu. Niliona mistari, lakini si vizuri. Miaka miwili sasa huwa nachora chaki nene, na ninyi mmekuwa na adabu ya kutosema. Nikasema ni sawa. Laser ikakata vipande sitini kabla ya chakula cha mchana. Aliyechora alikuwa amepima kipande kilicholiwa.

Mteja alikuja nacho kimoja mkononi, akasimama mbele ya kile kioo, mlikuwapo wengi. Akauliza ni nani alikata hii. Jina la Mireille lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya kazi, na niliona anavuta pumzi, vilevile kama nilivyoivuta mimi pale Kipushi. Nilikuwa nimebakiwa na siku tisa za kazi.

"Ni siye," nikasema, nikaenda kutafuta kofia yangu ili tukaone kinapokaa.